Pikipiki ya Baba Nduta na Baridi ya Asubuhi

Mmeniambia niandike juu ya Baba Nduta, kwa sababu mmemtundika ukutani na hakuna hata mmoja wenu aliyemjua akiwa hai. Mmemwekea fremu nzuri kuliko yoyote aliyokuwa nayo nyumbani kwake. Mnataka maneno mafupi ya kubandika chini ya picha, ya mtu aliyeanzisha hii yadi ya kutengeneza pikipiki, ili wateja wasome wakingoja. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, na maneno mafupi ni ya watu waliosoma sana. Nitaandika marefu. Msome nyinyi, si wateja.

Nimeacha kazi kwa sababu ya vidole. Mtu asiniambie nimeenda kupumzika. Skrubu ya kabureta inataka kidole kinachosikia, na vyangu siku hizi vinasikia baridi tu. Tena ni baridi ndiyo imenilisha miaka yote hiyo, kwa hivyo tumemalizana, mimi na yeye.

Nilikuja Ruiru nikiwa mke wa mtu, nikabaki Ruiru nikiwa si mke wa mtu, na hayo mawili hayahusu pikipiki. Nilikuwa nauza chai na mandazi hapa nje, pale kwenye mti wa umeme, kabla hawajajenga hizo nyumba za wapangaji. Mwezi wa saba ulikuwa mwezi wangu mzuri. Ukungu unatoka upande wa mashamba ya kahawa, unalala juu ya mabati mpaka jua litoke, na watu wanakunywa chai ili washike kikombe. Waendeshaji walikuwa wanakuja wakisukuma. Mmoja anasukuma, mwingine amekaa juu, wanateremka na hiyo barabara mpaka karibu na reli, inakohoa, inakufa, wanarudi nayo juu wakitukana. Halafu jua likishika mabati, pikipiki ile ile inawaka kiki ya kwanza kama haikuwa na neno.

Niliangalia hayo msimu mzima. Siku moja nikamuuliza Baba Nduta.

“Kwa nini inakataa asubuhi na saa nne inakubali? Kuna kitu mmefanya?”

Alikuwa ameinama, hakuinuka. “Wewe wa chai, chai imeisha?”

“Imeisha.”

“Basi osha hiyo kabureta.”

Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza. Hakuna aliyeniandika kazi. Niliosha kabureta kwa petroli mpaka ngozi ya vidole ikawa nyeupe, nikakatwa mkono na ukingo wa bakuli lake la petroli, na waendeshaji wakacheka kwamba leo mandazi yatanuka mafuta. Yalinuka kweli. Walikula.

Baba Nduta alikuwa mfupi, koti la kaki, kofia ya sufu ambayo sikuwahi kuiona ikifuliwa. Aliniita “wewe wa chai” mpaka alipokufa, hata wakati kijiko cha chai nilikuwa nimekisahau. Alikuwa fundi. Sitamnyima hilo. Alikuwa anashika bisibisi ndefu, ncha kwa injini, mpini kwa mfupa wa sikio, anakuambia valvu gani inalia. Na alijua kufundisha, mpaka mahali fulani. Hapo mahali nitafika.

Kwanza niwape alichonipa, kwa sababu kuna wengine hapa bado wanabadilisha plagi kabla ya kuuliza pikipiki imelala wapi.

Injini ikiwa baridi, petroli haitaki kuwa mvuke. Inajibandika ndani ya bomba kama uji kwa sufuria, na kule juu ya pistoni inafika hewa tupu. Kwa hivyo pikipiki ya zamani, hii ya kabureta, inataka petroli ya ziada kwa muda mfupi tu, mpaka ipate joto. Kazi hiyo ni ya choki. Ukivuta ule mkono mdogo, kuna kijitundu kinafunguka, petroli inapita ya ziada. Ikishapata joto unarudisha. Watu hawarudishi. Wanatembea na choki siku nzima, halafu wanakuja kusema inakunywa mafuta kama mlevi. Ndiyo maana mafundi wengi hapa Ruiru na Thika, na nyinyi mnawajua, wakilalamikiwa mafuta wanaziba choki kabisa. Mteja anafurahi mwezi wa pili. Mwezi wa saba anasukuma.

Choki ikiwa sawa na bado inagoma, toa plagi. Usiitupe, iangalie. Ikiwa imelowa, petroli inafika lakini moto haufiki. Ikiwa kavu, moto unaweza kuwa upo na ni petroli imepotea njia. Moto wenyewe uangalie kivulini, kwa jua hata cheche nzuri haionekani na utauziwa koili ya bure. Ikiwa ni petroli, fungua bakuli la kabureta, umwage kwa kiganja. Maji yatakaa chini kama shanga, hasa kwa hawa wanaonunua kwa chupa ya soda kando ya barabara. Kisha ile jeti ndogo inayopitisha petroli. Iinue uangalie mbingu kupitia tundu. Ukiona duara kamili, rudisha. Ukiona nusu, izibue kwa unywele mmoja wa brashi. Si kwa waya. Anayeingiza waya anapanua tundu, na hiyo kabureta haitapona tena. Ule mpira unaoshika kabureta, upake maji ya sabuni wakati injini inanguruma. Ukifyonza, una ufa, unavuta hewa ya wizi. Na valvu zipime injini ikiwa baridi kabisa. Valvu ikibana, injini baridi haina pumzi.

Hayo yote ni ya bure kama injini imefika kwako ikiwa na joto. Hili ndilo kosa la watu wetu, na nimelipigania mpaka nimeacha kazi nikiwa bado nalipigania. Mtu pikipiki yake inagoma alfajiri. Anasukuma, majirani wanasukuma, inawaka. Anaipanda mpaka hapa, imepata moto mzuri, anaizima mbele yangu, anasema, “Shosho, inagoma.” Shosho, yaani bibi, ndiye mimi.

Kuna mmoja wa maziwa, wa upande wa Juja, tulibishana naye hivi.

“Haigomi. Imekuja.”

“Asubuhi ndiyo inagoma.”

“Basi niletee asubuhi.”

“Asubuhi haiwezi kuja, Shosho. Si imegoma?”

Nikamwambia basi ilale hapa. Akaniangalia kama nimemwambia amlaze mke wake hapa. Lakini aliiacha, na asubuhi nikaikuta baridi kama jiwe, na kabla jua halijatoka nilikuwa nimeona ni valvu inabana. Ndiyo nikaweka ile sheria. Pikipiki inayogoma baridi ilale yadini, na mkono wa kwanza kuigusa asubuhi uwe wangu. Mafundi wa ng'ambo ya barabara walinicheka, wakasema nimefungua gesti ya pikipiki. Wateja wakaenda kwao, maana kule wanabadilishiwa plagi wakingoja, wanaondoka wakiwa na furaha mpaka kesho asubuhi.

Sasa nifike pale mahali. Baba Nduta alikuwa na tabia moja. Kazi ikifika mwisho, pale kwenye siri yenyewe, pale ambapo mtu anakaza au analegeza na pikipiki inabadilisha sauti, anakuambia, “Wewe wa chai, nenda uniletee sabuni.” Unaenda dukani. Ukirudi, injini inanguruma, yeye anapangusa mikono na tambara. Sabuni haitaki. Miaka mingi nilinunua sabuni. Nilijifunza mwanzo na katikati ya kila kitu, na mwisho nilijifunza mwenyewe kwa kuharibu vitu vya watu. Nikimuuliza, anasema, “Nikikupa yote utakaa hapa kwa nini?”

Na si yeye peke yake. Mafundi wote wa wakati ule walikuwa hivyo, na wengi wa sasa. Kila mmoja anakufa na kipande chake.

Alikuwa na pikipiki yake mwenyewe, ya Kijapani, ya zamani hata wakati ule, tangi jekundu lililopauka. Hakuna mtu mwingine aliyeweza kuiwasha asubuhi. Mwizi aliingia yadini mara moja alfajiri, akaipiga kiki mpaka akachoka, akaiacha hapo kwa lango na kuchukua sufuria zangu za chai. Baba Nduta alicheka wiki nzima. Yeye akija, anaweka mkono mmoja chini ya kiti, kama mtu anayepapasa ng'ombe kabla ya kukamua, anapiga kiki taratibu, halafu moja ya nguvu. Inawaka.

“Unafanya nini hapo chini?” nilimuuliza.

“Naisalimia.”

Nikaenda zangu. Mtu akikwambia anasalimia pikipiki yake, unaacha. Nilidhani ni uzee.

Nduta ni binti yake, wa pekee. Huyo hakumruhusu hata kushika spana. Akija yadini kumletea baba chakula, anaambiwa akae mbali, asije akanuka petroli, yeye atafanya kazi ya watu safi. Niliwahi kumwona akiwa msichana, amesimama hapo langoni na bakuli la githeri, anaangalia mikono yetu. Macho kama ya mtu anayesoma. Nikasema, “Baba Nduta, huyu angekuwa fundi.” Akaniambia niende nimletee sabuni.

Alikufa kwa ugonjwa wa mapafu, kitandani, polepole. Nduta ndiye alimwuguza. Pikipiki ilikuwa ndiyo kitu pekee cha kuachwa, na Nduta akamwuliza, “Baba, hii inawashwa vipi asubuhi?” Mimi nilikuwepo, nimekaa kwenye debe. Mzee alikuwa na sauti bado. Akamwambia, “Itawaka ikikuzoea.” Akageukia ukuta.

Tulimzika. Mimi nikabaki na yadi kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka, na Nduta akabaki na pikipiki na watoto wawili ambao baba yao alikwenda Mombasa kutafuta kazi na mpaka leo anaitafuta.

Kazi safi aliyotabiriwa ilikuwa kiwandani, Eneo la Viwanda Thika, kiwanda cha nyuzi. Alisimamia mashine, siku nzima kwa miguu, pamba kwa pua. Lakini ilikuwa kazi, na alikuwa anailinda kama yai. Sheria ya pale ilikuwa lango linafungwa zamu ikianza. Ukichelewa unarudi nyumbani, na ukichelewa mara tatu usirudi tena, kwa sababu nje ya lango kuna wengine wamesimama na vitambulisho mkononi. Na Nduta alikaa huku ndani kabisa, ng'ambo ya mto, mahali ambapo saa hiyo ya giza hakuna gari na hata wa boda wanaogopa kupita kwenye ule mtaro. Bila pikipiki, alikuwa anafika lango likiwa limefungwa. Si suala la kuamka mapema. Aliwahi kujaribu kwa miguu mapema zaidi, vibaka wakamnyang'anya viatu.

Mwezi wa saba ukafika, pikipiki ya baba yake ikaanza. Ikagoma mara moja, akachelewa. Alipeleka kwa fundi mmoja wa Thika, ikiwa na joto bila shaka, akauziwa plagi. Ikagoma tena, akachelewa mara ya pili. Akauziwa koili. Ndipo akaja kwangu. Alikuwa ametoka zamu, nywele zimejaa nyuzi, na pikipiki ilikuwa moto tayari kwa kukaangia mayai.

“Shosho, imebaki moja,” akasema.

“Moja nini?”

“Siku. Nikichelewa tena wananifuta.”

Nilivuta choki. Mkono unakwenda, waya unavuta, kijiti cha ndani kinapanda na kushuka vizuri kabisa. Plagi mpya, moto mzuri. Valvu sikuweza kupima, injini inaunguza. Nikamwambia iache ilale hapa.

“Ikilala hapa, kesho nitafikaje?”

Hapo nyinyi mnaojua kila kitu mngesema nini? Ili nione ugonjwa ni lazima igome, na ikigoma amekwisha. Nilifikiri, nikasema, “Nitakuja kulala kwako. Tuamke mapema kuliko kawaida yako, igome mbele yangu, niifungue kukiwa bado na wakati. Jumamosi utaniletea hapa tuimalize.”

Nilifunga spana zangu kwa kiondo, nikapanda nyuma yake, mtu wa umri wangu. Tulipofika alinipikia vizuri. Nyumba ni chumba kimoja na pazia, jiko la makaa linachemsha maharagwe hapo hapo sebuleni. Watoto walinisalimia kwa kuinamisha kichwa, nikawashika. Nililala upande wa pazia na mtoto wake mdogo, ambaye anapiga mateke kuliko kiki.

Asubuhi natoka nyuma ya pazia, naikuta pikipiki imesimama kando ya jiko, imefunikwa leso.

“Hii imefika hapa saa ngapi?”

“Niliiingiza ulipolala, Shosho.” Alikuwa anaona haya. “Kwa kawaida inalala nje chini ya bati. Lakini nikaona si adabu. Fundi wa baba alale ndani, na pikipiki ya baba ilale nje kama mbwa?”

Niligusa injini. Ilikuwa na joto la jiko, kama mkate uliotoka motoni kitambo. Nikamwambia aipige. Ikawaka kiki ya pili.

Niliketi kwenye stuli na kiondo changu mapajani. Yeye alikuwa anacheka, mara ya kwanza kumwona akicheka tangu mazishi.

“Imepona.”

“Haijapona. Imelala na jiko.”

“Basi italala na jiko kila siku.”

“Nduta, hiyo si dawa.”

“Shosho, mimi sitafuti ugonjwa. Natafuta kufika.”

Alifika. Alifika siku hiyo na siku zingine baada ya hapo. Jumamosi hakuniletea. Nilimtumia ujumbe kwa mama mmoja wa kanisani kwao, akarudisha jibu kwamba pikipiki sasa imemzoea, kama baba alivyosema. Nilipiga meza kwa ngumi. Mnaikumbuka ile meza, ina ufa.

Halafu mtoto wake mdogo akashikwa na kifua, kwa huo moshi, na daktari wa zahanati akamwambia jiko litoke nje. Jiko likatoka. Asubuhi iliyofuata ilikuwa ya manyunyu, ya ile baridi inayoingia kwa kucha. Yaliyotokea sikuyaona, alinisimulia baadaye kwa maneno machache. Alipiga kiki mpaka mguu ukakataa. Kwake ni tambarare, na tope, hakuna mteremko wa kusukuma. Akaiacha hapo, akakimbia mpaka barabara kubwa kutafuta gari. Lango lilikuwa limefungwa. Karani alimwambia kupitia matundu ya lango, kwa upole, na nadhani upole ndio ulimuumiza, “Pole, mama. Ondoka hapo wengine waingie.”

Niliwaona wakija kama saa ya chai ya saa nne. Nasema niliwaona kwa sababu ilikuwa ni Nduta na pikipiki, wanatembea bega kwa bega. Alikuwa ameisukuma kutoka nyumbani kwake, njia yote, mlima na tope, hajaipiga kiki hata moja. Aliisimamisha mbele yangu. Mvua ilikuwa inatiririka kwa tangi.

“Nimekuletea ikiwa baridi,” akasema. “Kama ulivyotaka.”

Nyinyi mnanijua, mimi si mtu wa kulia. Nilichukua spana.

Niliifungua hapo hapo, yeye amesimama. Valvu sawa, zimepimwa na mtu aliyejua. Jeti safi. Bakuli halina maji. Nikatoa kabureta yote, nikaweka kijibomba cha mpira kwa ile njia ndogo ya choki, nikapuliza kwa mdomo. Mashavu yakajaa. Hewa haikupita. Nikapuliza tena. Ukuta. Mkono wa choki unavuta, kijiti kinapanda, kila mtu anaona choki inafanya kazi, na chini yake njia imezibwa. Nikaichokonoa kwa msumari mwembamba, nikagonga kidogo kutoka upande wa pili, kikadondoka kwa kiganja. Kipande cha shaba, kidogo kama punje ya mtama, kimepigwa nyundo pande zote na kulainishwa kwa tupa mpaka kinakaa pale kama kimezaliwa pale. Hakuna fundi mwingine wa Ruiru aliyekuwa na mkono huo. Mimi nimekaa kando ya mkono huo nusu ya maisha yangu.

Ndipo nikaelewa ile salamu. Kasha la hewa alikuwa amelitoa zamani, na kabureta ilikuwa inavuta hewa kutoka tundu moja chini ya kiti. Alikuwa anaziba lile tundu kwa kiganja. Ukiziba hewa, petroli inakuwa nyingi, na hiyo ndiyo kazi ya choki. Choki yake ilikuwa mkono wake. Hapo mwizi hawezi, na mtu mwingine yeyote hawezi.

Nilirudisha kabureta, njia ya choki ikiwa imefunguka. Nikavuta choki. “Piga,” nikamwambia Nduta.

Mguu wake ulikuwa umevimba. Alipiga kwa ule mwingine. Ikawaka kiki ya kwanza, kwenye mvua, na ikatulia kama ng'ombe aliyeshiba.

Tuliisikiliza sote wawili. Halafu akaizima, akanyoosha kiganja, nikampa kile kipande.

“Ni yeye?”

“Ni yeye.”

“Alikuwa ananiangalia nikimwosha miguu,” akasema. “Nikamwuliza. Ulikuwepo.”

“Nilikuwepo.”

“Lilikuwa ni neno moja, Shosho. Weka mkono hapa. Hakuna hata cha kuandika.”

Nilikuwa na mengi ya kumtetea nayo. Kwamba ni kwa sababu ya wezi. Kwamba ndivyo alivyofundishwa yeye mwenyewe, kwamba alitaka binti wa mikono safi. Yote ni kweli. Nikayaacha. Nikamwambia kitu kingine, kwamba kuna nafasi hapa, aje nimfundishe mwanzo, katikati na mwisho.

Alinicheka, si kicheko kizuri. “Nilisimama hapo langoni na bakuli miaka mingi, mkaniambia nikae mbali. Leo sina kazi ndiyo mnanipa spana?”

Alisema “mnanipa.” Alikuwa na haki ya kunihesabu pamoja na baba yake.

Akanirudishia kile kipande. Akaiacha na pikipiki yenyewe. Akasema tuitumie kufundishia watu, maana yeye hana tena mahali pa kuwahi. Aliondoka kwa miguu. Siku hizi anafua nguo za wanafunzi Kahawa Sukari, kwenye baridi ile ile, mikono ndani ya maji. Baba yake alimtakia mikono safi. Anayo.

Kwa hivyo hiyo nyekundu mnayoona huko nyuma chini ya bati si chuma cha kuuza, na anayeuliza bei yake mfukuzeni. Inawaka kiki ya kwanza kila asubuhi ya baridi. Kila mwanafunzi mpya aiwashe kabla ya kugusa ya mteja, kwanza kwa choki, halafu choki ikiwa imefungwa na kiganja chini ya kiti, ili ajue njia zote mbili kwa siku moja. Haichukui hata muda wa kunywa chai. Hilo ndilo linauma.

Mlitaka maneno ya kuweka chini ya picha. Andikeni jina lake, na kwamba alikuwa fundi, kwa sababu alikuwa. Mimi tayari nimepigilia msumari chini ya fremu, na nimefunga kile kipande cha shaba kwa uzi hapo. Mteja akiuliza ni nini, mwambieni. Mwambieni yote.

Wanafunzi wangu wamenihama mapema, wengine wamefungua yadi hapo mbele na kunichukulia wateja, na kila mmoja anajua kila kitu ninachojua. Watu husema nilikuwa mjinga. Huenda. Lakini msije mkanikosea nikiwa bado hai. Mkifika mwisho wa kazi, pale injini inapobadilisha sauti, aliye kando yenu aone. Sabuni nimewaachia mche mzima hapo dirishani. Hakuna sababu ya kumtuma mtu.